Moto Usiokuwa na Moshi

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo iliwatosha watu wa zama zile, kwa kuwa kila moto waliokuwa nao ulikuwa na moshi wa kuutangaza, na mtu aliweza kuunusa kabla haujamfikia. Katika zama zetu umeingia majumbani moto wa namna nyingine. Hauna moshi, hauna harufu, wala hauna mlio. Hukaa kimya ndani ya ukuta, ukamtumikia mwenye nyumba mchana na usiku, na siku asiyoitazamia ukamwua. Moto huo ni umeme, ambao sisi wa Kenya tumezoea kuuita stima.

Nakusudia kukueleza, msomaji, historia ya moto huu: ulitoka wapi, ulifikaje Butere, na kwa gharama gani wanadamu walijifunza kukaa nao nyumba moja. Huenda ukasema kwamba jambo hili ni la mafundi, si la historia. Sivyo. Nyingi katika kanuni za umeme zilitungwa baada ya maziko. Asomaye kanuni hizo hupata kwa bei ya kitabu kile ambacho wengine walikinunua kwa maisha yao.

Na tuanze nyumbani. Hapo kale nyumba za Butere, nchi ya Wamarama, zilikuwa za msonge: kuta za udongo, paa la nyasi, na ndani mafiga matatu. Hebu fikiri hatari iliyokuwapo hapo, moto chini na nyasi kavu juu! Hata hivyo watu waliishi, wakalea watoto, wakazeeka. Waliishi kwa sababu moto ulikuwa na adabu zake, na kila mtoto alifunzwa adabu hizo kabla hajajua kuchunga mbuzi. Alifunzwa kubeba kaa la moto kutoka kwa jirani bila kuliacha upepo ulipulize; alifunzwa kufukia makaa kwa jivu usiku; alifunzwa kutolaza kuni karibu na ukuta. Hakuna aliyeandika mambo hayo. Yalipokewa kutoka kwa bibi hadi mjukuu, nayo yalitosha.

Kisha dunia ikaanza kubadilika. Mwaka 1912 Walter Chadwick, wa chama cha wamisionari wa Kianglikana, alifungua misheni Butere, na baada ya miaka michache dada yake, Jane Elizabeth Chadwick, akaanza kuwafundisha wasichana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli kutoka Kisumu ilipita Maseno, Luanda na Yala, ikakoma Butere. Kwa njia hiyo mahindi yalitoka, na bidhaa za viwandani zikaingia: mabati, sabuni, na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yalileta koroboi, ile taa ndogo ya mkebe na utambi wa pamba, ambayo wanafunzi wengi walisomea. Koroboi nayo ilikuwa na ajali zake. Ilipinduka usiku, ikaunguza chandarua na godoro. Au ilijazwa mafuta yaliyochanganywa na petroli, ikalipuka. Lakini kwa kuwa mwali wake ulionekana, watu waliendelea kuutumia ule ule ujuzi wa mafiga: usiulale karibu, usimwachie mtoto, uuzime kabla ya kulala.

Umeme wenyewe ulikuwa umekwisha kutua pwani zamani. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ndilo jengo la kwanza la Zanzibar kuwa na taa za umeme. Mwaka 1908 kampuni ya umeme ilikuwa imekwisha kuanza Mombasa, na katika siku hizo hizo mhandisi Clement Hirtzel alipewa ruhusa ya kuupeleka katika mji mchanga wa Nairobi. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliungana zikawa East African Power and Lighting Company. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, nchini Uganda, na baadaye nguvu ya Mto Naili ikavushwa kwa waya kupitia Tororo hadi Nairobi. Tazama ajabu hii: waya huo ulipita Kenya ya magharibi kwenda kuwasha taa za mji mkuu, hali vijiji vingi vilivyokuwa chini yake viliendelea kuwasha koroboi.

Serikali ilianza mpango wa kupeleka umeme mashambani mwaka 1973, lakini mwendo ulikuwa wa pole. Kwa miaka mingi umeme ulifika penye shule, hospitali, kituo cha biashara na nyumba ya mwenye uwezo. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2015, ulipoanzishwa mradi wa kuwaunganishia waliokuwa karibu na transfoma, yaani ndani ya mita 600. Ada ya kuunganishiwa, ambayo ilikuwa shilingi 35,000, ilishushwa hadi 15,000. Hapo ndipo nyumba za udongo zenye paa la mabati, ambazo hazikupata kuota ndoto ya stima, zilipowaka taa kwa mara ya kwanza.

Jambo hilo ni la heri, na mwenye kulibeza hajui taabu ya kusoma kwa moshi wa koroboi. Lakini hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Umeme ulifika kwa siku moja. Adabu zake hazikufika nao. Bibi aliyejua kila tabia ya moto wa mafiga hakuwa na neno la kumwambia mjukuu juu ya moto ulio ndani ya soketi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupata kufunzwa. Mnyororo wa mafunzo ulikatika, na wa kuuunga tena ni wewe uliye shuleni.

Basi tuangalie wengine walifunzwaje. Mwaka 1879, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, seremala wa jukwaa la tamthilia aligusa waya wa umeme akafa. Huyu huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na umeme uliotengenezwa na binadamu. Nguvu ya waya ule ilikuwa volti 250. Umeme unaoingia katika nyumba za Kenya una volti 240. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba umeme wa nyumbani ni mdogo, na kwamba uuao ni ule wa nguzo ndefu peke yake. Uliomwua seremala yule na unaoingia katika chaja ya simu yako kutoka ukutani ni karibu sawasawa.

Miaka mitatu tu baadaye, yaani mwaka 1882, wahandisi wa London walikutana wakatunga kanuni za kuzuia hatari ya moto itokayo katika taa za umeme. Angalia tarehe hiyo. Ndio mwaka ule ule ambao Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, mjini New York. Taa na kanuni zilizaliwa pamoja, kama pacha. Penye taa pasipo na kanuni, pacha mmoja amepotea.

Sasa yafaa tuelewe umeme humdhuru mtu kwa njia gani, maana anayeijua sababu hahitaji kukumbushwa kanuni kila siku. Katika karne ya 18 Mwitaliano Luigi Galvani aliona kuwa mguu wa chura aliyekufa hushtuka ukiguswa na umeme. Misuli yetu sisi ni vivyo hivyo. Mtu akishika waya wenye umeme, misuli ya kiganja hujikunja, naye hushindwa kuuachia hata akitaka. Utafiti wa Charles Dalziel wa Marekani ulionyesha kuwa umeme wa elfu-moja kumi hadi kumi na sita za ampea watosha kumfunga mtu hivyo. Ukizidi na kupita kifuani, moyo huacha kupiga kwa mpango, ukatetemeka tu pasipo kusukuma damu. Kumbuka kuwa balbu ya zamani ya wati 60 ilitumia robo moja ya ampea, yaani elfu-moja 250. Umeme unaowasha balbu moja wazidi kwa mara nyingi ule unaoweza kumwua mtu.

Na moto wa nyumba je? Huo huja kwa njia ya joto. Waya upitishao umeme hupata joto, na umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Chukua birika la umeme la wati 2,000. Hutumia zaidi ya ampea 8. Ongeza pasi ya wati 1,000, ambayo hutumia zaidi ya ampea 4. Jumla ni zaidi ya ampea 12. Sasa vichomeke vyote viwili katika waya mmoja mwembamba wa kuendelezea, uliotengenezwa kuchukua ampea 6, kisha uufiche waya huo chini ya zulia. Umekwisha kuwasha moto. Kilichobaki ni saa ya kuonekana kwake.

Kwa ajili hiyo tangu siku za kwanza wahandisi waliweka fyuzi, yaani waya mdogo dhaifu wa makusudi, ambao huyeyuka na kukata umeme kabla waya wa nyumba haujaungua. Plagi yetu ya meno matatu ya mraba, tuliyoirithi kwa Waingereza, ilipangwa mwaka 1947, nayo ina fyuzi yake ndani. Taa ya mezani hutosheka na fyuzi ya ampea 3. Birika huhitaji 13. Lakini katika nyumba nyingi fyuzi ikikatika, mtu hufunga kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au msumari. Taa huwaka, naye hujiona fundi. Kwa kweli amemfukuza mlinzi akamwachia mwizi ufunguo.

Hata hivyo fyuzi ina mpaka wake, na mpaka huo wengi hawaujui. Fyuzi huilinda nyumba, haimlindi mtu. Hebu tutazame boma moja la mfano, ambalo laweza kuwa la yeyote kati yetu. Nyumba ni ya udongo na mabati. Waya wa taa umepitishwa juu ya ukuta, ukachubuliwa na ukingo wa bati. Bati zima limeingia umeme, lakini kwa kuwa limekaa juu ya miti mikavu, umeme hauna njia ya kushuka ardhini. Hakuna kinachoungua, na taa zinawaka vizuri. Kamba ya kuanikia nguo ni ya waya, nayo imefungwa kwenye bati hilo. Usiku mvua imenyesha, kama ilivyo desturi ya Butere. Asubuhi mama atoka na beseni la nguo, miguu mitupu, matope chini, anyosha mkono. Yeye sasa ndiye njia ya kushuka ardhini. Umeme unaompita ni labda sehemu moja ya tano ya ampea. Fyuzi ya ampea 5 haihisi kitu. Taa bado zinawaka ndani ya nyumba ambamo mama ameanguka nje.

Mtoto atokaye kumshika mama huanguka pamoja naye. Ndivyo ilivyo, msomaji, na nimeona heri nikwambie waziwazi kuliko kukuficha.

Dawa ya balaa hiyo ilitafutwa, na sehemu kubwa ya kutafutwa kwake ilikuwa katika bara letu la Afrika. Kwanza ulikuwapo waya wa ardhini, ambao huunganisha vyuma vya vifaa na ardhi, ili umeme unaotoroka upite huko badala ya kupita katika mwili wa mtu. Ndio ule jino refu la plagi. Kisha mwaka 1955, katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, Henri Rubin alitengeneza kifaa kinachopima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Hesabu zisipolingana, kifaa hukata mara moja, kwa kuwa kilichopungua kimetorokea ardhini. Mwaka 1957 na 1958 vifaa vya namna hiyo viliwekwa katika nyumba za mji wa migodi wa Stilfontein, vikiwa vyepesi wa kuhisi kiasi cha elfu-moja ishirini za ampea tu. Siku hizi kifaa kama hicho, aghalabu cha elfu-moja thelathini, huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Kingekuwapo katika lile boma la mfano, umeme ungekatika kabla moyo wa mama haujavurugika.

Haya, basi, twaweza kuzieleza kanuni, nawe utaona kuwa kila moja ina sababu yake.

Kazi ya kutandaza waya ipewe fundi mwenye leseni ya EPRA, halmashauri inayosimamia nishati nchini Kenya, wala isipewe kijana ajuaye kuunganisha redio. Ukimwita fundi, mwulize maswali mawili: chuma cha ardhini kimezikwa wapi, na kifaa cha kukata umeme unaovuja kiko wapi? Kama hana jibu, mwage kwa heshima. Katika nyumba za zamani waya wenye umeme ni mwekundu, wa kurudisha ni mweusi, na wa ardhini ni wa kijani. Katika mpya ni wa kahawia, wa buluu, na wa kijani chenye milia ya manjano. Asiyejua tofauti hiyo asifungue hata kifuniko cha swichi.

Usipokee umeme kutoka nyumba ya jirani kwa waya uliotambazwa juu ya ua au kuzikwa chini ya udongo. Waya huo jembe litaukuta siku moja, na mlimaji hatajua aliuawa na nini. Usifunge kamba ya chuma kwenye bati. Usiguse swichi kwa mkono wenye maji. Ile koili ya kuchemshia maji katika ndoo, ambayo wanafunzi wengi huipenda, izimwe na ichomolewe kwanza, ndipo mkono uingie majini kujaribu joto. Usitundike nguo wala chandarua karibu na balbu. Ukitoka nyumbani na stima imekatika, kumbuka kuchomoa pasi, kwa kuwa stima itarudi wala haitapiga hodi.

Nje ya nyumba, usipande mkaratusi chini ya waya wa stima, wala usiangushe parachichi kwa mti mbichi au chuma karibu na waya huo. Waya ukianguka, uhesabu kuwa uko hai hata kama umetulia kama kamba; kaa mbali hatua nyingi, zuia watoto na ng'ombe, na upeleke habari kwa wahusika.

Tusiusahau na umeme wa mbinguni. Nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi mno. Mwaka 1752 Mmarekani Benjamin Franklin alionyesha kuwa radi ni umeme, na kwamba ncha ya chuma iliyo juu ya jengo, ikiunganishwa vizuri na ardhi, huiongoza radi ishuke bila kudhuru. Kwa hiyo radi si hasira ya jirani wala kazi ya mchawi. Ni umeme utafutao njia ya kushuka. Inguruma, chomoa vifaa, ingia ndani ya nyumba imara, wala usisimame chini ya mti.

Na ikiwa ajali imekwisha kutokea? Usimshike aliyeshikwa. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa haifikiki, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kutoka kwenye waya kwa mti mkavu au kigoda cha plastiki. Lakini hilo ni la waya wa nyumbani tu, si la waya wa nguzo kubwa. Akiwa hapumui, itisha msaada na uanze kumbonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Elimu hii nayo ni zawadi ya umeme: mhandisi William Kouwenhoven, aliyekuwa akichunguza vifo vya mafundi wa nguzo huko Marekani, ndiye pamoja na wenziwe aliyetangaza njia hiyo mwaka 1960. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Pasipakwe unga wala dawa ya meno. Na kama ni nyumba inayowaka kwa umeme, usimwage maji kabla umeme haujakatwa. Tumia mchanga, na toa watu kwanza.

Msomaji, nilisema kuwa mnyororo wa mafunzo ulikatika. Zamani mzee alimfunza mtoto adabu za moto. Leo kwa jambo hili moja zamu imegeuka, na mtoto hana budi kumfunza mzee. Si kazi rahisi. Yataka heshima, kwa maana baba aliyefunga msumari mahali pa fyuzi alikuwa akitafuta mwanga wa wewe kusomea. Usimwendee kama hakimu. Mwambie habari za seremala wa Lyon. Mweleze bibi kuwa waya ule ni kaa la moto lisiloonekana, naye ataelewa upesi kuliko unavyodhani, kwa kuwa yeye alikwisha kuishi na moto chini ya nyasi maisha yake yote.

Basi utakaporudi nyumbani kwa likizo, kabla hujaweka sanduku chini, zunguka nyumba. Tazama mahali waya unapogusa bati. Tazama kamba ya nguo imefungwa wapi. Ukikuta ni waya, ifungue siku hiyo hiyo, uweke ya katani, na umweleze mama sababu yake. Hiyo itakuwa ndiyo insha yako bora, ingawa hapana mwalimu atakayeisahihisha.